Sinia la Mana Khairia

Hapa Miini kila mwenye meno atakuambia alikuwepo siku ile walipokuja Wachina. Uongo mtupu! Nusu yao walikuwa bado wanajikuna vitandani, na nusu nyingine walikuwa ufukoni wanapiga kelele tu. Aliyeshika makasia ni mimi, Shego, na aliyekaa mbele yangu na sinia mapajani ni Mana Khairia. Tulikuwa wawili kwenye hori. Ukimsikia mtu anasema tulikuwa watatu, mtazame vizuri, huyo anataka kukuomba kitu.

Ngoja nikuambie huyu mama alikuwa nani, maana siku hizi wanamsimulia kama jini. Hakuwa jini. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, sauti yake ukiisikia uchochoroni unajibanza ukutani apite. Alikuwa na tabia ya kuonja mchuzi kwa kidole hata ukiwa unachemka. "Mana, utaungua!" "Niungue mara ngapi? Kidole kimeshazoea." Aliolewa na Nurani akiwa msichana, akaonyeshwa jiko, na mle jikoni hakutoka mpaka Nurani alipofariki. Nurani alikuwa mwenyeji, mmoja wa wenyeji wakubwa wa bandari yetu, na mimi nilikuwa mpiga makasia wake.

Na uenyeji kwetu si mchezo. Merikebu ya ugenini ikitia nanga, kila nyumba ya mwenyeji inatoa hori lake mbio, na ndani yake sinia la chakula limefunikwa kawa. Ukiwahi kumpa mfanyabiashara sinia lako, akalipokea kwa mikono miwili, ukasema mbele za watu "Huyu mgeni wangu," basi imekwisha. Atalala kwako, atakula kwako, na hakuna wa kumuuzia wala kumnunulia ila wewe uwepo. Anayenunua kwa mlango wa nyuma anarudishiwa mzigo wake hadharani, na watu wanamcheka mpaka harusini kwa wajukuu wake.

Nurani alikuwa na wageni wa Adeni, wa Kambaya, wa Hurumuzi. Walirudi kila msimu wakimuulizia Nurani, lakini mimi najua matumbo yao yalikuwa yanamuulizia nani. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa mpaka zikalegea! Wali wa samli unaong'aa! Kuku, malimau ya chumvi, tangawizi mbichi pembeni! Nurani alilibeba sinia, na sifa akazibeba yeye pia. Mana hakulalamika. Au alilalamika, lakini jikoni, na vyungu havisemi.

Basi Nurani akafa, Mungu amrehemu, na eda haijaisha vizuri, nani kakaa kwenye kibaraza? Badili. Mdogo wake marehemu. Alikuja na mto wake wa kuegemea kabisa! Alikuwa na nyumba yake upande wa kusini, nyumba nzuri tu, lakini haikuwa nyumba ya mwenyeji, na hilo lilikuwa limemkaa kooni tangu ujana. Akawa anaingia bila hodi, anavuka na viatu vyake mpaka ukumbini, anauliza chakula kiko wapi.

"Shemeji, tuambizane ukweli," akamwambia Mana siku moja, mimi nikiwa nashona tanga uani. "Nyumba ya mwenyeji haiendeshwi na ukaya wa mwanamke."

"Ilikuwa inaendeshwa na nini? Kilemba?" Mana akajibu. "Kilemba ndicho kilichokuwa kinapika?"

"Nazungumza na wewe kwa heshima."

"Na mimi nakujibu kwa heshima. Ningekosa heshima ungekuwa umeshapata mwiko wa kichwa."

Nilicheka mpaka nikajidunga sindano. Lakini ndani ya roho nilikuwa na hofu, sikufichi. Ada ya mji ilikuwa hivi: nyumba ya mwenyeji ikimaliza msimu bila mgeni, wazee wanalitoa jina lake na kuipa nyumba nyingine. Na Badili alikuwa ameshawaendea wazee, ameshakunywa nao maziwa, ameshawachekesha. Msimu ulikuwa ukingoni. Merikebu zote zilizokuja, vijana wa nyumba nyingine walituwahi, maana sisi hatukuwa na kijana. Mana na Nurani hawakujaliwa mtoto. Wageni wa zamani nao waliposikia Nurani kafa, walipokea masinia mengine huku wametazama chini. Jina likitoka, Mana atabaki na nini? Atakuwa mpishi wa Badili, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na mimi nitakuwa nimemwaga unga.

Sasa sikia. Asubuhi moja nimeshuka ufukoni kulitazama hori, ambalo lilikuwa linavuja kama kapu, nikasikia mtu anapiga kelele juu ya mnara. Nikainua macho. Yarabi! Merikebu! Nimeona merikebu katika maisha yangu, sikiliza, mimi si mshamba. Lakini ile! Milingoti mpaka nilipoteza hesabu, matanga yana mbavu kama mapezi ya samaki, na nyuma yake nyingine, na nyingine tena. Wazee wa mji walitoka mbio bila kanzu za juu. Wanawake walipanda madarini. Nikakimbia mpaka jikoni kwa Mana, pumzi hakuna.

"Mana! Wachina!"

"Wachina ndio nani?"

"Sijui! Wanasema wanatoka mwisho wa dunia! Merikebu yao ni kubwa kuliko msikiti wa Ijumaa!"

"Basi watakuwa na njaa," akasema, na akatupa kuni motoni.

Alikuwa ameshaanza kupika tangu alfajiri, kama alivyofanya kila siku msimu ule, sinia tayari, merikebu ije isije. Akapakua mbele yangu, mkono unakwenda huku na huku. Kisha jirani akachungulia mlangoni akasema, "Khairia, umesikia? Badili kashaondoka na hori lake jipya. Ana sinia. Anasema anakwenda kwa jina la nyumba hii."

Mana akasimama. Mwiko akauweka chini. Badili akimpa mtu sinia kwa jina la nyumba ya Nurani, wazee hawatauliza tena kitu, nyumba ni yake. Yule jirani alijua, mimi nilijua, hata paka wa jikoni alijua.

"Nani atabeba la kwetu?" nikauliza.

"Mimi."

"Mana! Watu watasema."

"Wanasema tangu Nurani azikwe. Bado hawajachoka? Shika kawa hiyo, twende."

Alipita sokoni na sinia kichwani, ukaya wake wa kichwani umefungwa kiunoni, na watu wakamwachia njia huku midomo wazi. Mmoja akaita, "Bibi, unapeleka wapi posa?" Mana akamjibu bila kugeuka, "Kwa baba yako, mama yako kanituma!" Basi soko zima likalipuka. Mimi nyuma yake nilikuwa nataka kucheka na nataka kulia.

Tukaingia majini. Hori jipya la Badili lilikuwa limeshafika mbali, na mahori ya wenzetu yote yako mbele, vijana wanapiga makasia wakiimba na kutukanana. Letu lilianza kunywa maji hata mawimbi ya kwanza hatujayavuka. Mana akaliweka sinia mapajani, akashika upo, akawa anateka maji na kuyamwaga nje, anateka, anamwaga, na mdomo haujafungwa.

"Vuta, Shego! Unapiga makasia au unakoroga uji?"

"Navuta, Mana!"

"Kama ndivyo ulivyokuwa unamvutia Nurani, nashangaa aliwahi kufika popote!"

Toba! Nilivuta mpaka nikaona nyota mchana. Lakini hori bovu ni hori bovu. Tulipokaribia, wenzetu wote walikuwa wameshalizunguka lile dude, wamesimama kwenye mahori yao, wanaonyesha vidole juu na kupaza sauti kama tunavyofanya siku zote. "Yule mwenye kofia mgeni wangu!" "Huyo mrefu mgeni wangu!" "Wewe wa pili, usijifiche, mgeni wangu!" Nikajua tumekwisha. Watu wote wazuri wameshachukuliwa.

Lakini kulikuwa na jambo. Kule juu hakuna aliyekuwa anacheka. Wachina walikuwa wamejipanga ukingoni, nyuso zimekauka, na nyuma yao nikaona ncha za mikuki. Hakuna aliyenyoosha mikono miwili. Badala yake vikashushwa vikapu kwa kamba, na mtu mmoja akawa anaashiria: weka, weka. Vijana wetu, kwa kuchanganyikiwa, wakaweka masinia vikapuni. Yakapanda juu yote, kwa mtu mmoja! Kisha vikapu vikashuka tena, na ndani yake kila hori likapata bakuli jeupe lenye maua ya buluu, na kipande cha hariri.

Mwanzoni wakayapokea, maana vilikuwa vitu vizuri, nani atakataa? Badili alilikumbatia bakuli lake kama mtoto mchanga. Halafu kijana mmoja mwenye akili akapiga ukelele: "Jamani! Wametulipa!"

Ebo! Hapo ndipo moto ulipowaka. Unamletea mtu chakula cha ugeni, naye anakulipa? Kwani wewe ni muuza vitumbua? Mmoja akatupa bakuli lake baharini. Mwingine akaanza kuitukana merikebu kuanzia mlingoti mpaka mkuku. "Soko lifungwe!" wakapiga kelele. "Wasipate hata maji ya kunywa!" Juu nako askari wakaanza kupiga kelele zao, na mikuki ikashuka kidogo, ikatutazama. Haji Weheliye, mkuu wa bandari, alikuwa kwenye mashua yake amenyanyua mikono miwili, anasema "Taratibu, taratibu," na hakuna anayemsikiliza. Wazee wa mji walikuwa wameshaandaa ambari na mbuni wa kumpelekea mfalme wa Uchina. Urafiki wa nchi mbili ulikuwa unavunjika pale pale, kwa sababu ya masinia!

Na sisi ndiyo kwanza tunafika, maji magotini.

Kapu likashuka mbele ya Mana. Mtu wa juu akaashiria: weka.

"Hii nini?" akauliza Mana.

"Weka sinia humo, wavute," nikamwambia.

"Sinia langu liende kwa kamba, kama ndoo ya kisimani?" Akalisukuma kapu kwa kiganja, likazunguka likampiga mtu wa hori la jirani. "Nisogeze kwenye ngazi."

"Mana, wana mikuki!"

"Na mimi nina sinia. Sogeza!"

Wallahi, alipanda. Sinia kichwani, mkono mmoja kwenye ngazi ya kamba, mkono mwingine umeshika ukaya, na kelele zote kule chini zikakatika. Nikamfuata, maana ningebaki peke yangu hori lingezama nami. Tulipokanyaga juu, askari walirudi nyuma. Sijui kwa nini. Nadhani hata wao walikuwa na mama zao.

Mbele yetu alisimama mkuu wao wa biashara, mtu mdogo, ndevu chache, joho la kijani, na pembeni yake mkalimani wao, Behzadi, mtu wa Hurumuzi. Masinia yetu yote yamepangwa chini, makawa yamefunuliwa, chakula hakijaguswa. Na kuna mtu amechuchumaa, anachoma kila sinia kwa sindano ya fedha. Anachoma wali, anaitazama sindano. Anachoma kuku, anaitazama sindano.

"Anafanya nini huyo?" akauliza Mana.

Behzadi akakohoa. Kiswahili chake alikiokota bandarini kwa msimu mmoja. "Anapima, mama."

"Anapima nini? Chumvi?"

"Anapima kama kuna... dawa."

"Dawa gani?"

"Ile ya kufa."

Nikafunga macho. Nilimjua yule mwanamke. Nikasikia sinia linatua chini, paa! Nikafungua macho, na kawa imesharuka mpaka kwa askari mmoja, akaidaka.

"Mimi?" Mana akapiga kelele. "Mimi nimtilie mtu sumu? Kwenye maziwa yangu? Ndizi hizi nimezisimamia tangu alfajiri, mgongo unanikatika, moshi umenitoa machozi, aje mtu anichomechome na sindano kama jipu! Bismillahi!" Akakaa kitako pale pale, akavuta mkono wa nguo, akala. Alikula kwa hasira. Anatia tonge, anamkazia macho yule mtu mdogo, anatafuna. "Naona unatazama! Tazama! Nikifa uniambie! Shego, kaa ule!"

"Mimi, Mana?"

"Kuna Shego mwingine?"

Nikakaa nikala. Sikuwa nimekula tangu jana, na kama ningekufa, basi nife nimeshiba. Zilikuwa tamu! Mpaka nikajisahau, nikaanza kuramba vidole mbele ya mikuki.

Yule mwenye joho akasema neno. Behzadi akatafsiri. "Bwana anauliza, chakula hiki ni bei gani?"

"Mwambie mgeni halipi."

Behzadi akakunja uso. "Mgeni? Mgeni si yule mtu wa nje? Asiyejulikana? Mtu asiye na watu?"

"Ndiye."

"Basi mbona asilipe? Mtu wa nje ndiye anayelipa!"

"We baba, mgeni ni huyo huyo! Akisimama kule ananitazama, simjui, ni mgeni. Akija akakaa akala kwangu, ni mgeni. Mgeni wangu!"

"Neno moja?"

"Neno moja! Kwani unataka mangapi?"

Yule Behzadi alijipiga kofi la paji la uso mpaka likalia. "Toba! Mimi nimewaambia nini hawa!" Akatueleza huku anataka kulia na kucheka pamoja. Vijana wetu walipopaza sauti "huyu mgeni wangu, yule mgeni wangu," yeye aliwaambia Wachina: watu hawa wanasema, huyu hana kwao, ni wangu, na yule hana kwao, ni wangu. Wachina wakadhani tunawagawana kama kuku! Ndiyo maana ya mikuki, ndiyo maana ya vikapu na mtu mmoja wa kupokea, ndiyo maana ya malipo na sindano. Walikuwa wanatuogopa! Sisi, na masinia yetu!

Behzadi akamgeukia mwenye joho, akamwaga maneno kwa lugha yao, haraka haraka. Nilimwona yule mtu uso unabadilika. Akamtazama Mana, mdomo umejaa wali, samli mpaka kwenye kiwiko. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa merikebu, na askari wakacheka, na mwenye sindano akaificha sindano yake. Kisha akanawa, akakaa kitako mbele ya Mana, akatia mkono kwenye ndizi. Akafumba macho. Akatia tena. Halafu akalishika sinia kwa mikono miwili, akaliinua mpaka kifuani.

Mana akasimama, akajifuta, akaenda mpaka ukingoni ili watu wa chini wamwone. Akavuta pumzi. "Huyu mgeni wangu!"

Sauti ile nusu ya mji waliisikia.

"Muulize jina lake nani," akamwambia Behzadi.

"Lini," akajibu Behzadi.

"Sasa hivi! Muulize sasa hivi, unangoja nini?"

"Nimekuambia, mama. Lini."

"Nimeuliza nani, sikuuliza lini!"

"Ndilo jina lake! Lini! Bwana Lini!"

"Haya, Bwana Lini," akasema Mana, "kazi tunayo."

Chini nako Badili alikuwa hajanyamaza. Amesimama kwenye hori lake jipya, anapiga kelele: "Haihesabiwi! Sinia la nyumba ile nimelileta mimi, na nimelileta kwanza!"

Haji Weheliye akamgeukia polepole. "Badili, hilo bakuli kifuani mwako ni la nani?"

"La kwangu. Nimepewa."

"Basi umeuza chakula, na umelipwa. Biashara njema."

Kicheko kilichotoka pale! Badili aliliangalia bakuli kama limemng'ata. Lakini vicheko vikakatika kimoja kimoja, maana kila kijana alijitazama mikononi. Hakuna aliyekuwa hajapokea. Hata yule aliyetupa lake baharini alilipokea kwanza. Merikebu zile zote, hariri yote ile, vyombo vyote vile, na Miini nzima imepata mgeni mmoja tu, na mwenye mgeni ni Mana Khairia!

Haji Weheliye, hata hivyo, alikuwa mtu wa kuogopa wazee wa mji. Tulipofika nchi kavu akakuna ndevu. "Mana, nimeona. Lakini ada haijawahi kutangaza jina la mwanamke. Mwanamume wa nyumba ni nani, nimtaje?"

"Yuko makaburini. Kamtaje huko."

"Usinikasirikie. Mimi nitafanya hivi. Wenyeji wenzako wakija mlangoni kwako wakakuita mwenyeji kwa vinywa vyao, nitatangaza. Na Badili awe mmoja wao, maana ndiye mwenye madai. Badili asipokuita, neno linarudi kwa wazee."

Nilitaka kumrudisha majini. Badili amwite mwenyeji? Badili angekunywa bahari kwanza!

Bwana Lini akapelekwa chumba cha juu, akapewa kitanda cha Nurani, na Mana akarudi jikoni kama hakuna kilichotokea. Lakini vyungu alikuwa anavigonga. Bwana Lini ndiye aliyekuwa mkubwa wa Wachina wale wote, kwa hiyo hakuna hata mmoja wao angepokea sinia la mtu ila mwenyeji wake atake. Jua halijapinda, uchochoro ukajaa. Wenyeji wakubwa wa Miini, watu wa vilemba virefu, wamejipanga kama watoto wa chuoni, kila mmoja anasafisha koo. Wa kwanza alisimama kizingitini. "Hodi, mwenyeji. Naomba nipewe mgeni."

Mana akatoka akifuta mikono. Ingekuwa mimi ningewasulubu, wallahi, ningewaambia warudi kesho, na kesho ningewaambia kesho kutwa. Walimcheka msimu mzima! Yeye akasema, "Chukua yule mwenye kofia, ulimtaka tangu asubuhi. Pika sinia jingine. Na safari hii kaa ule naye wewe kwanza, asione sindano ni lazima." Akaja wa pili, Mana akaitwa mwenyeji, akatoa mgeni. Wa tatu vilevile. Wazee wa mji nao wakamtuma mtu wao aombe njia ya kumpelekea mfalme ambari na wale mbuni, na yule mtu naye akasema "Hodi, mwenyeji," kwa sababu mbuni walikuwa wanampiga mateke na alitaka kumaliza. Mpaka leo kwetu mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni wake, na vijana wanadhani ni ada ya tangu Nuhu.

Uchochoro ukapungua. Akabaki Badili. Alikuwa amesimama ng'ambo, amejiegemeza ukutani, na nyuma yake punda wake wote na magunia ya ubani aliyoyakusanya tangu mwanzo wa msimu, akitumaini uenyeji. Bila mgeni ubani ule ungekuwa wa kufukizia panya. Wale waliokwisha kupewa wageni hawakuondoka, walisogea pembeni wakangoja. Haji Weheliye naye akasimama, mikono nyuma. Mana aliingia ndani, akakaa pale ukumbini. Nilimwona anafinya ncha ya ukaya, anaifinya, anaifinya. Alikuwa anaogopa. Mwanamke aliyepanda merikebu ya mikuki, sasa anamwogopa mtu mmoja mwenye punda.

Badili akavuka uchochoro. Akaweka mguu kizingitini, kama alivyozoea, kisha akaurudisha.

"Hodi," akasema.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Shemeji, unanijua!"

"Sauti naijua. Haijawahi kupiga hodi, ndiyo maana nauliza."

Watu wakakohoa. Badili akatazama punda zake. Akatazama juu, akatazama chini. Jasho linamtiririka shingoni.

"Hodi... mwenyeji," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwamwa na mfupa.

"Sijasikia," akasema Mana. Na hakuwa anamkomoa, ninakuapia. Alitaka kusikia tena.

"Hodi, mwenyeji!" Badili akapiga kelele mpaka punda mmoja akajibu.

Na kabla Mana hajafungua mdomo, dirisha la juu likafunguka. Bwana Lini akatoa kichwa, kilemba cha Nurani amekivaa upande, mdomo umejaa ndizi. Alikuwa amefundishwa neno moja tu la Kiswahili tangu afike, na alikuwa ametafuta mahali pa kulitumia mchana kutwa.

"Karibu!" akamwambia Badili.

Uchochoro mzima ulilia kwa kicheko. Haji Weheliye alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la ubani, na kutoka pale pale alipokaa akatangaza, "Mwenyeji wa nyumba hii, Mana Khairia!" Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika nguzo ya mlango, machozi yananitoka, na wala sikuona haya.

"Umekaribishwa, shemeji," akasema Mana. "Ingia."

Badili akainama, akavua viatu, akaviweka nje kizingitini pamoja na vya watu wengine. Akaingia, akakaa kwenye jamvi la wageni.